Timu Iliyoomba Ruhusa

Mliponiomba niwaandikie kurasa chache kabla hamjakabidhiwa funguo za ukumbi, mliniambia nikae chini, nitulie, nikumbuke. Kukumbuka sina shida nako. Kukaa chini ndiko kunakonishinda. Tangu nistaafu, mke wangu Mwanaidi amenifukuza jikoni mara nyingi kiasi kwamba sasa naingia kwa kubisha hodi. Narandaranda sebuleni kama mtu anayesubiri teksi, na haya nayaandika nimesimama, karatasi nimeziweka juu ya kabati la viatu. Mkiona mwandiko umepinda, mjue hapo nilikwenda dirishani kutazama mvua.

Sitawaeleza lini nilipandishwa cheo. Hata mimi mwenyewe habari hizo zilinifikia kwa kuchelewa. Nyinyi watatu mnaopokea timu, mmoja Mkenya, mmoja Mkongo, na mmoja mzaliwa wa hapa London ambaye najua atasoma haya taratibu kwa sauti kama anayesoma maelekezo ya dawa, mnahitaji mambo mengine.

Nilifika mji huu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimecheza mpira wa kikapu Tanga na Dar es Salaam, na nilidhani hilo ni jambo kubwa. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kusafisha ofisi. Ya pili ilikuwa kuelekeza watu kwenye viti vyao uwanjani Wembley. Ya tatu ikawa saa chache kwa wiki, kufundisha kikapu katika chuo kimoja cha huku kaskazini-magharibi. Siku ya kwanza nilivaa tracksuit mpya na filimbi shingoni. Msimamizi wa ukumbi, mzee wa Kijamaika aitwaye Desmond, alinitazama juu hadi chini, akanipa dekio pana la kufagilia sakafu, akaenda kunywa chai.

Nilikasirika, nakiri. Lakini niliposukuma lile dekio kutoka ukuta hadi ukuta, vumbi lililotoka lingetosha kupanda mchicha. Desmond alirudi akaniambia kwamba goti la mchezaji huharibikia sakafuni, si angani, na kocha asiyejua sakafu yake ni mtalii. Ndiye aliyenifundisha kuweka taulo lenye maji pembeni ili wachezaji wafute nyayo za raba kabla ya kuingia. Ndiye aliyenifundisha kulowanisha sindano ya pampu kabla ya kuichomeka, la sivyo unapasua valvu na mpira unakufa mikononi mwako. Paa letu lilivuja upande wa kona ya kushoto, na ndoo ilikaa pale mwaka baada ya mwaka. Timu ngeni zililalamika. Sisi tulikwisha kujifunza kuikimbia, na wakati mwingine tuliitumia kama mlinzi wa sita.

Desmond alistaafu kabla karne haijageuka, akarudi kwao. Mimi nikaongezewa saa, kisha nikaongezewa nyingine, na wanafunzi nao wakabadilika. Mwanzoni nilikuwa na Wagujarati wa mtaa wa Kingsbury, ambao wazazi wao walizaliwa Nairobi na Kampala na wakanisalimu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha watoto wangu. Wakaja Wasomali. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakaja Wakongo wa mashariki, vijana wa Bukavu, Goma na Uvira, na chumba cha kubadilishia nguo kikajaa Kiswahili cha namna nyingine. Nilikipenda. Kwetu Tanga yaya ni mlezi wa watoto; kwao yaya ni ndugu yako mkubwa, na hilo neno wanalibeba kwa mikono miwili.

Yaya wa timu yangu alikuwa Bahati. Ligi yetu ya vyuo haikuuliza umri, iliuliza kitambulisho cha mwanafunzi tu, na Bahati alikuwa mwanafunzi halali wa Kiingereza asubuhi, ingawa alikwisha kuvuka miaka thelathini na nywele zilianza kumhama. Bukavu alikuwa mchezaji wa kweli. Mikono yake ilikuwa bado inajua kila kitu. Goti la kulia ndilo lililokuwa limesahau.

Alikuwa ameomba hifadhi, na alikuwa anasubiri jibu la serikali. Anayesubiri haruhusiwi kufanya kazi. Kwa hiyo mtu mzima yule, mwenye nguvu zake, alikuwa anakaa kwenye chumba cha nyumba ya pamoja pale Kingsbury, anatazama ukuta, na anangoja barua. Ila Jumatano mchana tulikuwa na mechi. Jumatano alifika wa kwanza na mashine yake ya kunyolea, akawapanga vijana mstari kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akawanyoa mmoja mmoja. Waliogombana aliwapatanisha huku kichwa cha mmojawao kiko mkononi mwake, na ukiwa umeshikwa kichwa na mtu mwenye mashine, unasamehe upesi.

Mdogo kuliko wote alikuwa Espoir, miaka kumi na minane, naye wa Bukavu. Alifika nchi hii peke yake akiwa mtoto. Bahati ndiye aliyemfundisha kupanda basi, kupika, kujaza fomu, na kutolia mbele ya watu. Espoir alikuwa na mkono wa kurusha ambao kocha hupewa mara moja maishani. Mazoezini, Bahati akichelewa, angeweza kutumbukiza mpira kutoka popote, hata kutoka nyuma ya ndoo. Hilo la Bahati akichelewa ndilo nililopaswa kulitazama vizuri.

Msimu ninaousema tulishinda mechi zote za kirafiki. Nikapiga kifua. Ligi ilipoanza, tukapigwa. Tukapigwa tena. Mechi baada ya mechi tulikuwa sawa nao mpaka dakika za mwisho, halafu tunaanguka. Nilibadilisha mazoezi, nikawakimbiza zaidi, nikawakimbiza kidogo, nikabadilisha saa ya kula. Usiku sikulala. Mwanaidi alisema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia polepole nayo tumeijaribu.

Mkuu wa idara ya michezo, mwanamke wa Kiayalandi aitwaye Maureen, aliniita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Timu itakayoshika mkia ingeondolewa kwenye ligi, na chuo kisingekuwa na sababu ya kulipia basi wala waamuzi. Jumatano mchana ukumbi ungekodishwa kwa watu wa mazoezi ya viungo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anajua inaniuma, na aliona aniambie mapema.

Aliyenifumbua macho ni Kelvin. Mama yake ni nesi, mwenyeji wa Moshi. Yeye alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Baada ya kipigo kingine nilikuwa nafoka ndani ya minibus, nikiuliza kwa nini mpira mwishoni unakwenda kwa mtu aliyezungukwa na walinzi wawili. Kelvin, aliyekaa kiti cha mbele, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawachagui. Wanaomba ruhusa. Akasema nitazame: kila mpira ukiwa mzito, kila mmoja anamtafuta Bahati kwa macho, kisha anampa. Espoir hata akiwa peke yake mbele ya goli anageuka kumtafuta.

Wiki iliyofuata nilitazama, na sikuamini kwamba sikuwahi kuona. Makocha wengine wa ligi walikuwa wameona zamani, ndiyo maana waliweka watu wawili kwa Bahati na kuwaacha wengine huru kama mbuzi wa sikukuu. Mimi sikuona kwa sababu kwangu halikuwa jambo la kuonwa. Nililelewa hivyo. Chakula kikiletwa unamsubiri mkubwa anyooshe mkono. Mkubwa akiwa kwenye chumba, mdogo hajichukulii kitu kilicho katikati. Mwingereza angeona mara moja timu inayoogopa. Mimi niliona watoto wenye adabu, na moyoni nilifurahi.

Na kumbukeni, hawakumpa mpira kwa ujinga. Yule mtu aliwalea. Utamnyimaje mpira aliyekufundisha njia ya kurudi nyumbani?

Maureen alishauri nimweke Bahati nje. Nikamweka, mechi moja huko Kent. Ilikuwa aibu. Mpira ulipokuwa mzito, macho yalimtafuta uwanjani yakamkosa, yakamfuata benchi. Espoir alisimama na mpira mkononi anatazama benchi mpaka mwamuzi akapuliza filimbi kwa kuchelewesha. Bahati alijaribu kuwapungia waendelee, wao wakadhani anawaelekeza mahali, wakakimbilia huko wote. Tulipigwa vibaya kuliko siku zote. Akiwa ndani tunafungwa kwa vikapu viwili vitatu. Akiwa nje tunafungwa mpaka waamuzi wanatuonea huruma.

Ikabaki mechi ya mwisho, huko Woolwich, kusini-mashariki mwa London, na timu iliyokuwa hatua moja tu juu yetu. Tukishinda, wao ndio wangeshika mkia. Tukishindwa, kwaheri Jumatano.

Jumamosi kabla ya mechi niliamua kwenda kwa Bahati. Mtu kama yule humwiti ofisini kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Unamwendea kwake, na huendi mikono mitupu. Nikapita duka moja la Kingsbury Road, la mama wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa, nikachukua unga, sukari, majani ya chai, maziwa, machungwa. Mama yule aliniuliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa. Akavitazama vitu vyangu tena, akaniongezea tangawizi.

Bahati alinikaribisha chumbani amevaa koti, maana hita ilikuwa na saa zake za kuwaka. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani na mguu wa kulia ameunyoosha. Nikaanza habari za hali ya hewa. Nikaenda habari za Bukavu, nikarudi kwa goti, nikapita kwenye ligi, nikazungumzia Woolwich na foleni zake. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Yeye alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa.

"Kocha, unazunguka sana," akasema. "Umekuja kuniambia nikae."

Akaendelea bila kupandisha sauti. "Batoto beko banapoteza juu yangu. Miye niko naona. Nilibaambia basinipatie mpira. Banasema, ndiyo Yaya. Kisha bananipatia." Juu yangu, kwao, ni kwa sababu yangu.

Nikamwambia ukweli kama nilivyoambiwa na Maureen: tukipoteza Jumatano hii, hakuna Jumatano nyingine. Aliitikia kwa kichwa, vijana walikwisha kumwambia. Alikuwa anamenya chungwa kwa kidole gumba, ganda likishuka refu bila kukatika, na hakunitazama aliposema lililokuwa moyoni.

"Siku zingine zote miye ni mutu wa kungoya. Siku ya tatu miye ni Yaya." Hivyo ndivyo wanavyoita Jumatano. "Nikikaa, beko banaanguka. Nikicheza, beko banaanguka. Na kama nikibafundisha kuishi bila miye, kocha, nitabakia nani?"

Nimefundisha miaka mingi na nimejibu maswali mengi, mengine kwa kubahatisha. Kwa lile nilikimbilia methali. Nilimwambia tu kwamba wazee wetu husema mkubwa ni jalala, kila taka inatupwa kwake. Akacheka kidogo, akanigawia nusu ya chungwa, akasema nimwache afikirie. Nilitoka pale nikatembea mpaka Wembley kwa miguu, mabasi yakinipita, kwa sababu nilijua nikikaa kwenye basi nitalia mbele za watu.

Jumatano ile niliendesha minibus mwenyewe, kama kawaida. Kocha wa chuo ni dereva, daktari, mfua jezi, na siku nyingine mwalimu. Ukumbi wa Woolwich ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kando, si benchi refu kama letu, na watu walikuwa wengi. Mtaa ule una Waafrika wa kila taifa, na walishangilia kila kitu, kikapu chetu, kikapu chao, hata mpira uliotoka nje. Nilipima mpira kwa mkono, nikaangalia sakafu. Sakafu ilikuwa safi. Sikuwa na la kulalamikia, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Bahati alianza. Sitaki kueleza sana kipindi cha kwanza. Walimwekea watu wawili, mara nyingine watatu, na vijana wangu wakampa mpira vilevile. Alirudisha, wakampa tena. Mara moja alimpa Espoir chini ya goli kabisa, akampigia kelele arushe, na Espoir akamrudishia kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni kikombe. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma sana. Bahati alikuwa anachechemea. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, mbele ya wote, kwamba atakaa, na kwamba Kelvin ataongoza. Walitazama viatu vyao.

Kipindi cha pili kilianza kama ule msiba wa Kent. Macho yalikwenda kwenye viti. Mpira ukapotea, wakafunga. Macho tena kwenye viti. Mimi nilikuwa natembea pembeni juu na chini, nikipiga kelele watazame goli, mpaka mwamuzi akanionya nisivuke mstari.

Ndipo Bahati akasimama. Vijana wote wakageuka kumtazama, mchezo ukiwa unaendelea. Akakishika kiti chake, akakigeuza, akakielekeza ukutani. Kisha akakaa, mgongo kwa uwanja, uso wake ukitazama matofali meupe na tangazo la njia ya kutokea wakati wa moto.

Kwetu mkubwa akikupa mgongo, amekuchoka, amekutoa moyoni. Nilijua vijana wangesoma hivyohivyo, na kwa kweli mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Nikamkimbilia. Nikainama nikamwuliza kama tumemkosea.

"Hapana," akasema. Uso ulikuwa umelowa jasho na macho ameyakaza ukutani. "Basione uso yangu. Kama haiko uso, hakuna wa kuuliza. Wewe uniambie tu nani amefanya nini."

Nikarudi kwenye mstari. Espoir alikuwa na mpira. Aligeuza shingo kwenye viti, na hakukuta uso. Alikuta mgongo na shingo aliyoizoea. Akasimama palepale. Mlinzi wao akampokonya, akaenda kufunga, ukumbi ukalipuka. Nilimwona Bahati akishtuka kwa ile kelele, mikono ikibana magoti. Shingo yake ilikaza, ikataka kugeuka. Haikugeuka.

Mara ya pili mpira ulipomfikia, Espoir aligeuka tena. Mgongo. Safari hii uso wake ulibadilika, nikaona hasira, hasira ya mtoto aliyefungiwa nje, na kwa hasira hiyohiyo akarusha. Ukaingia bila kugusa chuma.

"Nani?" Bahati akauliza.

"Espoir."

Wakashambulia wao, wakakosa. Kelvin akauchukua, akatafuta wa kumpa, na ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia uwanjani, nyembamba na ya amri.

"Leta."

Si naomba, si tafadhali. Bahati aliinua kichwa. "Sauti ya nani ile?" akaniuliza, nami nikamwambia ni ya Espoir, na huku namwambia kikapu kingine kikaingia. Baada ya hapo wote walianza kuitana. Leta, pita, acha, rudi. Kelvin, ambaye Kiswahili hakitoki mdomoni hata kwa bibi yake akipiga simu, alimfokea mwenzake kwa Kiswahili kibovu na kila mtu akamwelewa. Mimi nilikuwa nakwenda mbio kati ya mstari na kile kiti, nafundisha kidogo na kutangaza kidogo kama mtangazaji wa redio. Nani? Kelvin. Nani? Espoir. Tuko nyuma? Vikapu viwili. Sasa? Kimoja. Nani amefungwa? Sisi, pole. Nani? Espoir, Espoir tena.

Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ulikuwa wao. Mchezaji wao mrefu akarusha kutoka kona. Ule mpira ukagonga chuma, ukapanda, ukazunguka mdomo wa kikapu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na filimbi ya mwisho ikalia ungali unazunguka. Ukaangukia nje.

Niliruka. Nilimkumbatia mwamuzi, jambo ambalo baadaye liliniletea barua ya onyo. Watu wa Woolwich walipiga kelele zilezile walizopiga tangu mwanzo, kwa hiyo kwa kusikia tu usingeweza kujua. Mle kwenye kelele nikasikia mtu ananiita, "Kocha. Kocha. Kulikuwa nini?" Nikageuka. Bahati alikuwa bado ameukabili ukuta, ameshika kingo za kiti kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimemsahau.

Lakini Espoir alikwisha kufika. Vijana wengine walisimama nyuma ya kiti, hawajui kama wanaruhusiwa kupita mbele. Espoir alikizunguka, akachuchumaa kati ya Bahati na ukuta, akamtazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama ile hasira ipo. Kisha akaweka paji la uso wake juu ya lile goti baya, na Bahati akamwekea mkono kichwani, pale alipokuwa amemnyoa mchana.

Tulirudi kwa kivuko cha Woolwich, na foleni ilikuwa ndefu. Nilizima injini. Nyuma yangu kulikuwa kimya, ile adabu yao imerudi. Bahati alikaa kiti cha katikati na barafu juu ya goti. Akasema kwamba hakuona mchezo, kwa hiyo wamsimulie, kuanzia mwanzo kabisa. Hakuna aliyeanza. Akarudia. Kelvin akaanza kwa Kiingereza, mwingine akamsahihisha, wa tatu akasema wote wawili waongo, na mara minibus nzima ikawa inabishana, mikono ikipita mbele ya uso wa Bahati, watu wakimkatiza hata yeye mwenyewe alipouliza. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kufuata, kama mtu aliyeingia sokoni.

Tulikuwa tumevuka mto na kushika barabara ya North Circular Espoir aliposema, katikati ya ule ubishi, "Lakini kipindi cha kwanza, Yaya, ulituharibia."

Kwenye kioo nilimwona Espoir ameziba mdomo kwa kiganja.

Bahati alikuwa anatazama nje dirishani. Akaisogeza barafu kwenye goti lake, taratibu, akamgeukia.

"Ndiyo," akasema. "Endelea."

Na Espoir akaendelea. Alieleza kila kosa, pasi kwa pasi, mpaka nikapitiliza njia ya kutokea Wembley, na hakuna aliyenikumbusha.